Salamu kwa Watu wa Paa

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani. Wananchi wake hawajawahi kulalamika kwa hilo, maana barabara zao zote zimo kwenye ramani na hakuna aliyewahi kuzipita. Basi msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asiwatazame majirani zake kwa jicho la pembeni. Haipo. Yaliyotokea humo hayakutokea, na walioyafanya ni watu wema waliolala vizuri usiku huo.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mji wa saruji uitwao Vumbini, na katika mji huo kulikuwa na redio ya biashara, Redio Ngurumo, iliyopiga muziki wa roki kutwa kucha. Mwenye redio, Fundi Sefu Kilindo, hakuuchagua muziki huo. Yeye alikuwa fundi wa vipaza sauti vya misikiti, makanisa na mikutano ya chama, na alijua kwamba vyote vitatu hukatikia waya uleule. Siku moja alikwenda kwenye mnada wa forodha kununua kasha la vipuri, akaondoka na kasha la santuri: vijana wa ughaibuni wenye nywele za kufika mgongoni, magitaa yanayolia kama mbuzi aliyefungwa juani, na ngoma zinazopigwa kama mgeni anayebisha hodi huku anajua wenyewe mmo ndani.

"Nitayafanyia nini haya?" aliuliza.

"Mzee, mali ya mnada hairudi," mtu wa forodha akamwambia. "Anzisha redio."

Wizara ya Sauti na Ukimya ilikaa na ombi lake mpaka mwombaji akaota mvi. Kwanza wakamuuliza huo muziki ni wa kabila gani. Akajibu hauna kabila. Wakamuuliza, sasa muziki usio na kabila unampigia kura nani? Kisha wakataka tafsiri ya kila wimbo. Fundi Sefu, ambaye Kiingereza cha kuimbwa kilimpita juu ya kichwa, akaandika mbele ya kila wimbo: "Huyu anamsifu mama yake." Kibali kikatoka na sharti moja tu, kwamba kelele za redio zisizidi za Baba Mlezi.

Baba Mlezi ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi. Alianza kulilea taifa likiwa changa, na kwa jinsi alivyo mlezi hodari, lilikuwa bado changa.

*

Mtangazaji wa Redio Ngurumo alikuwa Chausiku Mbaruku. Aliajiriwa kwa sababu ya sauti nzito iliyoweza kupita katikati ya magitaa mawili bila kuumia. Mwanzoni aliuchukia ule muziki. Aliyeupenda ni mdogo wake, Mbwana, mpakiaji wa mifuko pale kiwanda cha saruji, ambaye kila jioni alirudi mweupe kama aliyekufa jana, akashika beleshi kama gitaa, akawapigia watoto wa uani nyimbo za watu wanaowasifu mama zao. Mama yao, Bi Mwanakombo, alikuwa akimtupia kandambili. "We Mbwana, ukiniamsha kizunguzungu kwa kelele zako za mabati, nitakuzaa upya unyooke."

Redio ya biashara huishi kwa matangazo, na hii iliishi kwa matatu. La kwanza lilikuwa la kiwanda chenyewe, mali ya shemeji yake Baba Mlezi. Chausiku alilisema kila baada ya wimbo mpaka akawa analisema hata akipiga chafya: "Saruji ya Fahari. Ikishika, imeshika."

La pili ni salamu. Watu wa Vumbini walikuwa na ugonjwa wa salamu. Walinunua kadi dukani kwa Fundi Sefu, wakajaza majina, na Chausiku akasoma: "Huyu ni Mzee wa Kazi Nyepesi, akiwa Vumbini Sokoni, salamu zake zimwendee shemeji Mashaka, zimwendee fundi cherehani aliyempotezea suruali, ziwaendee wote wanaomfahamu, popote walipo. Ujumbe wake unasema: wivu haujengi choo." Baba Mlezi mwenyewe, alipoona redio inasikilizwa, akaanza kutuma salamu kila Ijumaa. Zake zilikwenda kwa taifa zima na ujumbe wake haukubadilika: tuvumiliane.

La tatu ni vifo. Hapo ndipo penye hadithi. Mtu wa Vumbini hakuwa amekufa mpaka asemwe na Redio Ngurumo. Daktari aseme, imamu aseme, kaburi lenyewe liseme, majirani wangesubiri. "Kasemwa?" wangeulizana. Akishasemwa, basi: kina mama wanajitanda kanga, vyungu vya msiba vinatoka stoo, mkeka unatandikwa, watu wanakuja kukaa. Na kwa kuwa Fundi Sefu hakuwa na santuri ya huzuni, Chausiku alisoma vifo juu ya mwisho wa wimbo mmoja, pale gitaa linapochoka na kuburuza. Mji mzima ukazoea. Gitaa lile likiburuza, hata kinyozi alisimamisha mashine.

*

Sasa siku moja ilitangazwa kwamba Baba Mlezi angepita juu ya Vumbini kwa helikopta akielekea mahali pengine. Mkuu wa wilaya hakulala kwa furaha. Aliamuru wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wapande juu ya paa la ghala la kupakia, walale chali, wapangane kwa herufi za KARIBU BABA, ili mkuu asome kutoka mbinguni. Msimamizi alisema paa ni la mabati ya zamani. Mkuu wa wilaya akamuuliza yeye ni mwananchi wa nchi gani.

Mbwana aliwekwa kwenye B ya mwisho.

Helikopta ikaja. Baba Mlezi hakuwa amevaa miwani, akaomba ishuke kidogo asome vizuri. Ikashuka kidogo. Akaomba ishuke tena kidogo. Upepo wa yale mapanga ukalikuta paa ambalo tayari lilikuwa limebeba mapenzi kuliko uwezo wake, na KARIBU BABA ikaingia ndani ya ghala yote kwa pamoja, herufi kwa herufi, juu ya mitambo.

Wizara ilitoa taarifa kabla vumbi halijatua. Paa liliinama kwa heshima, ilisema taarifa. Hakuna aliyekufa. Wafanyakazi wasioonekana wamehamishiwa tawi jipya la kiwanda, ambalo litajengwa. Kwa siku tatu ndugu walizuiwa getini, na walipofunguliwa walikuta ghala limefagiliwa, paa jipya, na chini sakafu mpya ya zege, imara, laini, inang'aa. Saruji ya Fahari. Ikishika, imeshika.

*

Waziri wa Sauti na Ukimya, Mheshimiwa Ngwalida, alifika mwenyewe studio, na viti vyake, na maji yake ya kunywa.

"Vifo," alisema, "ni rasilimali ya taifa. Haiwezekani kila mwenye msiba wake anakurupuka tu kutangaza. Kuanzia leo, kifo chochote chenye uhusiano na paa kitahakikiwa kwanza na kamati. Na kamati itaundwa mara tu kifo cha kwanza kitakapothibitishwa."

"Na nani?" aliuliza Fundi Sefu.

"Na kamati."

Akawaachia mtu wa kukaa studio kuwasikiliza, Bwana Fumbwe, Afisa wa Mawimbi, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyeamka miaka mingi iliyopita na hajapata nafasi ya kulala. Alipewa kigoda karibu na mlango. Alikalia hicho.

Nyumbani, Bi Mwanakombo alitandika mkeka, akakaa. Akangoja.

"Kasemwa?" alimuuliza Chausiku kila aliporudi.

"Bado, mama."

"Basi mimi nimekaa hapa kama nani?"

Kama mwanao yuko hai, unakaaje mkekani? Kama amekufa, mbona uko peke yako? Majirani walipita barabarani haraka haraka kama watu wenye mvua nyuma yao. Siyo kwamba walikosa utu. Mume wa Bi Nunu, jirani wa ukuta mmoja, alimwambia mtu "pole" sokoni, akaitwa ofisi ya chama akaulizwa: pole ya nini? Tangu hapo Bi Nunu alikuja tu kuomba chumvi. Aliomba chumvi asubuhi, akaomba jioni, akaishika ile chumvi mkononi, akamtazama Bi Mwanakombo, akasema, "Haya, habari za tangu asubuhi?" akaondoka analia. Nyumba ile ilijaa chumvi ya Bi Nunu kwa sababu kila alipofika kwake aliirudisha na ya kwake juu.

"Mimi sitaki maiti," Bi Mwanakombo alisema siku moja, polepole, kama anayejisemea. "Maiti wameshaisakafia. Mimi nataka watu waje waketi. Mbwana alikuwa na watu."

*

Chausiku hakuwa shujaa. Hilo lisemwe, maana baadaye walitokea watu waliomchora ukutani akiwa ameinua ngumi. Alikuwa amechoka. Alikuwa amesema "ikishika, imeshika" mchana kutwa, mbele yake kulikuwa na kadi za salamu, na alipomaliza ya mwisho mdomo wake ukaendelea wenyewe:

"Na mimi Chausiku Mbaruku, nikiwa hapahapa studio, salamu zangu zimwendee Mbwana Mbaruku wa kiwanda cha saruji, popote alipo. Ujumbe wangu unasema: mama yuko mkekani."

Na bila kupanga, mkono ukaiweka sindano pale gitaa linapoburuza.

Bwana Fumbwe aliinua kichwa. "Huyo Mbwana ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Wizara inasema kahamishiwa tawi jipya."

"Basi msalimie," Fumbwe akasema. "Mtu wa tawi lisilojengwa lazima anajisikia mpweke." Akarudi kuegemea ukuta. Kama alielewa au hakuelewa, hajawahi kusema, na alipandishwa cheo mara nyingi kwa sababu hiyo.

Kesho yake dukani kadi ziliisha kabla ya adhuhuri. Mama wa yule wa K alituma. Mchumba wa yule wa R alituma. Wenye U walikuwa ndugu wawili, nyumba yao ikatuma kadi moja, majina mawili. Wakafuata na wasiokuwa na mtu kiwandani, watu wa sokoni, wanafunzi, hata yule fundi cherehani wa suruali. Wote walitaja majina yaleyale. Popote walipo. Popote walipo. Kinyozi akasimamisha mashine asubuhi mpaka jioni, biashara ikamfia.

Fundi Sefu alimvuta Chausiku nyuma ya mlingoti wa redio. "Mwanangu, nakuomba. Mimi mlingoti ninao huuhuu mmoja."

"Nimekatazwa vifo, mzee. Hizi ni salamu. Kama salamu ni kosa, aanze kushikwa yule wa kila Ijumaa."

Fundi Sefu alikaa chini kwenye mtaro. Alikuwa mtu wa waya, na alijua waya unapochomoza usiguse, lakini pia usiufunike. "Angalau chomeka tangazo la Fahari katikati," akasema. "Tusionekane wabaya."

"Nalichomeka. Wewe sikiliza tu linavyosikika."

Lilisikika vibaya sana. Majina, gitaa, kisha: ikishika, imeshika. Kiwanda kilipeleka barua ya shukrani kwa jinsi tangazo linavyosomwa kwa hisia.

*

Sasa, katika nchi ile kulikuwa na kanuni. Mwananchi akipendwa na watu wengi, hapewi nafasi ya kuendelea kupendwa hivihivi tu. Ama anafungwa, ama anateuliwa. Wataalamu wa wizara walileta taarifa kwa Mheshimiwa Ngwalida: Vumbini kuna kundi la vijana linasalimiwa kuliko chama.

"Ni kina nani?"

"Wafanyakazi wa saruji, Mheshimiwa. Hawasemi kitu. Hawana madai yoyote. Na wanapendwa vibaya."

Uchaguzi ulikuwa karibu, na jela zilikuwa zimejaa. Waziri akaandikia kiwanda kuuliza hali za vijana hao. Kiwanda, ambacho kilikuwa na taarifa ya wizara ukutani ndani ya fremu, kilijibu kwa maneno ya taarifa hiyo: wamehamishwa, hawajambo. Wizara ilifurahi sana kuona maneno yake yamethibitishwa na chanzo huru.

Hivyo ndivyo uongo wa nchi ile ulivyofanya kazi: ulitoka mlango wa mbele, ukazunguka nyumba, ukarudi kwa mlango wa nyuma, ukapokelewa kama mgeni.

Chausiku ndiye aliyepewa kuusoma uteuzi. Baba Mlezi, kwa mamlaka aliyojipa, amewateua wafuatao kuwa wajumbe wa Baraza la Taifa la Usalama wa Mapaa. Wataapishwa kiwandani Vumbini, ndani ya ghala la kupakia, mbele ya mama zao.

Alipozima kipaza sauti, Bwana Fumbwe alikuwa amesimama.

"Niwaambie wizarani?" alimuuliza.

"Uwaambie nini?"

Fumbwe alifikiri. "Sijui. Kila nikiandika ripoti ya kweli wanairudisha, wanasema haina matumaini." Akakaa tena.

*

Siku ya kiapo mama wote waliletwa kwa basi la serikali na kuvikwa kanga mpya zenye uso wa Baba Mlezi, kwa hesabu kwamba uso ule ukae mgongoni. Viti vya wajumbe vilipangwa mbele, vyekundu, vitupu. Mheshimiwa Ngwalida alivitazama kwa wasiwasi, lakini akaambiwa vijana wa siku hizi hawajui saa. Chausiku alisimama pembeni na kipaza sauti, akitangaza moja kwa moja, Fundi Sefu akiwa studio kwenye mitambo.

Baba Mlezi alihutubia kwa muda mrefu. Alisema paa ni baba wa nyumba. Alisema mtu anayelala chali kwa ajili ya kiongozi wake huyo ameshasimama. Alipigiwa makofi na watumishi wa serikali. Kisha akashuka jukwaani mwenyewe, akaja katikati ya sakafu ili awe karibu na vijana, akavaa miwani, akasoma:

"Ndugu Mbwana Mbaruku."

Viti havikujibu.

"Mbwana Mbaruku," akarudia, kwa upole wa mtu anayependa kuonekana mpole. "Mbona hasimami? Yuko wapi kijana wetu?"

Bi Mwanakombo aliinuka kwa kushika goti. Wanawake walimvuta kanga, akaitoa mikono yao taratibu.

"Yupo, baba," alisema.

"Yupo wapi, mama?"

"Hapo chini. Umemkanyaga."

Chausiku alikuwa hewani, na kazi ya mtangazaji wa moja kwa moja ni kusema anachokiona. Akasema, kwa ile sauti yake nzito, bila kuipandisha:

"Wasikilizaji, Baba Mlezi anatazama chini. Anatazama sakafu. Wasikilizaji, anainua mguu. Ameuinua mguu mmoja, na hajui auweke wapi."

Kule studio Fundi Sefu, mtu wa waya, aliyekuwa ameogopa maisha yake yote na alikuwa anaogopa hata sasa, aliiweka sindano pale gitaa linapoburuza. Redio zote za Vumbini, za madukani, za madirishani, za walinzi wa getini, zikaburuza pamoja. Ndani ya ghala wakasikia. Bi Mwanakombo akatikisa kichwa, kama anayesema, kumbe ndiyo haya aliyoyapenda Mbwana.

Hapo ndipo watu wa wizara walipopata akili na kukimbilia mlingoti kuizima redio.

*

Serikali ile haikuwahi kukosea, kwa hiyo haikuwa na haja ya kukiri. Taarifa ilitoka: wajumbe wa Baraza, kwa kushindwa kuhudhuria kiapo bila udhuru, wanahesabiwa kuwa wamefariki kuanzia tarehe ya kiapo. Ni kifo cha utovu wa nidhamu. Familia zinaruhusiwa kuomboleza nje ya saa za kazi. Taarifa isomwe na redio zote.

Kwa hiyo Redio Ngurumo ilirudishiwa umeme kwa shughuli moja. Chausiku alisoma majina yote, polepole, kama vifo vinavyosomwa. Hakuongeza neno. Tarehe ilikuwa ya uongo, sababu ilikuwa ya uongo, na majina yalikuwa ya kweli. Kwa nchi ile hicho ni kiwango kikubwa. Alipomaliza, Bwana Fumbwe alifungua barua yake ya kuteuliwa kuwa meneja, akauchukua ufunguo wa studio, akamwambia Chausiku aende nyumbani. Santuri zilirudishwa forodhani, zikauzwe mnadani. Mlingoti ulipakwa rangi ya chama. Siku hiyohiyo redio ikaitwa Sauti ya Mlezi, na wa kwanza kutangaza humo alikuwa Saruji ya Fahari.

Chausiku alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alikuwa pale pale.

"Kasemwa?"

"Kasemwa, mama."

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Bi Nunu. Hakuomba chumvi. Alisimama mlangoni, akalitoa neno alilokuwa amelibana muda wote: "Pole, shoga yangu." Nyuma yake uchochoro ulikuwa umejaa: kanga, vyungu, kuni, mafuniko ya sufuria, wapakiaji waliosalia na weupe wao wa saruji, na watoto wa uani ambao mmoja wao alikuwa amebeba beleshi.

"Tulikuwa tunangoja asemwe," mtu mmoja akajitetea.

"Alisemwa zamani," Bi Mwanakombo akasema. "Mmechelewa. Kaeni. Mkeka ni mkubwa."

Wakakaa. Mmoja alikuja na redio yake kwapani, kwa mazoea ya mji ule, ikiwa bado inasema. Ilikuwa Ijumaa. Sauti ya Baba Mlezi ilitoka, ya upole, imelala vizuri: salamu zangu ziwaendee wananchi wote, popote walipo, na ujumbe wangu unasema—

"Zima hiyo," alisema Bi Mwanakombo. "Hapa pana msiba."